Kuku Aliyevunjwa Mguu kwa Ajili Yangu

Wiki iliyopita fundi alikuja kufungua beringi ya mashine yangu ya kukoboa mpunga, hapa Kashaulili, Mpanda mjini. Akatoa kichupa, akamimina spiriti kwenye kitambaa, akaanza kufuta. Ile harufu iliponifikia nikakaa chini juu ya gunia la pumba, mkono nimeuweka pajani. Fundi akaacha kazi.

"Bibi, presha?"

"Presha ya nani? Futa beringi."

Akafuta, huku ananitazama kwa jicho la pembeni kama mtu anayejiuliza nikianguka atalipwa na nani. Sikuwa na presha. Nilikuwa nimerudi utotoni, kijijini kwetu Litapunga, nimelala kwenye kitanda cha kamba, chuma kimetokeza pajani, na pembeni yangu, kwenye kikapu, kuku.

Nyie wa rika langu mnanielewa. Ukifika umri huu unaweza kusahau ulichokula jana, lakini harufu inaingia bila hodi na kukuta vitu vyote ulivyoviacha. Shule mimi nilisoma mpaka la tatu, tena kwa kurukaruka, na aibu sina, maana wenye vyeti wanapanga foleni kwangu kukoboa. Kwa hiyo maneno ya kitabuni msiyatafute hapa. Nitasimulia kama nilivyoona, na mahali nilipoona vibaya kwa utoto nitasema.

Mguu wangu wa kushoto ulivunjika nikiwa mdogo, hata sikumbuki. Ng'ombe alinikanyaga paja. Sisi ni Wasukuma, baba alishuka na ng'ombe zake kutoka kaskazini akifuata majani, na huku alikofikia hospitali ilikuwa jambo la kusikia tu. Akaitwa mtaalamu wa mifupa. Wenzangu mnajua kazi ile inavyokwenda, ila kama kuna mjukuu anawasomea niwaeleze: mtu akivunjika mguu, anatafutwa kuku, naye anavunjwa mguu, upande ule ule. Wote wawili wanafungwa vijiti, wanapakwa dawa moja. Baada ya hapo mgonjwa haangaliwi tena, anaangaliwa kuku. Siku kuku akisimama akaparua bila kuchechemea, mgonjwa naye anafunguliwa.

Kuku wangu wa kwanza hakuifikia siku hiyo. Baba alipata mgeni, mtu mzito aliyekuja kwa habari ya madume ya kulimia, na nyumbani hapakuwa na kitoweo cha maana. Baba akamchinja kuku akiwa na vijiti vyake mguuni. Mgeni alikula, akashukuru, akaenda zake. Mimi nikafunguliwa kwa kukisia. Mfupa uliunga, lakini uliunga kwa kupandana, na kadiri nilivyokua mguu wa kushoto ukawa unabaki nyuma kama ndama anayeharisha. Nilitembea kwa ncha ya vidole upande huo. Kisigino changu cha kushoto kilikuwa laini kama cha mtoto mchanga, kwa sababu ardhi kilikuwa hakiijui.

Mama yangu alifariki kabla sijaota meno yote. Bibi, mama yake mama, alikuja msibani, akajengewa kibanda nyuma ya zizi, na kwao hakurudi. Alisema hawezi kumwacha mjukuu kwa mtu anayelisha wageni dawa.

Sasa hapo ndipo ilipokuwa kazi. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemezani ana kwa ana. Ni heshima. Bibi akipita, baba anageuka anatazama mti. Baba akipita, Bibi anavuta kanga mpaka puani. Mama angekuwepo angesimama yeye katikati. Hakuwepo, nikasimama mimi. Kabla sijajua kuhesabu ndama nilikuwa tayari tarishi. Wanaweza kuwa wote uani, huyu kaelekea zizini, yule kaelekea jikoni, wanasikiana vizuri kabisa kuliko unavyonisikia wewe, na bado mimi niko katikati nafikisha.

"Mwambie baba yako mtoto ana joto."

"Baba, Bibi anasema nina joto."

"Mwambie bibi yako nimesikia."

"Bibi, baba amesikia."

"Mwambie baba yako kusikia siyo dawa."

Ndiyo ilikuwa nyumba yetu.

Aliyeleta habari ya kurefushwa mguu alikuwa Bwana Mganga, yule wa zahanati ya serikali, mtu mwenye tumbo la heshima na pikipiki iliyokuwa inasikika kabla hajaondoka kwake. Akamweleza baba kwamba kuna hospitali ya wamisionari, mbali, safari ya treni, na huko huwa anakuja daktari mgeni kwa msimu, anapasua watoto wenye miguu kama yangu, kisha anaondoka, anarudi msimu mwingine.

"Kwanza wanakata mfupa," akasema, anaonyesha kwa fimbo ya muhogo. "Wanatia chuma kwa nje. Nyie nyumbani mnakuwa mnakizungusha kidogo kidogo kila asubuhi, mfupa unaachana polepole. Ukishaachana vya kutosha anarudi, wanapasua tena, wanaziba lile pengo kwa mfupa wa nyongani, wanafunga bamba ndani. Mbele ya safari wanapasua mara ya mwisho kutoa bamba."

Bibi alikuwa jikoni anapepeta. "Mwambie Bwana Mganga," akaniambia, "hata mbuzi hapasuliwi mara tatu."

Baba alikuwa anautazama mguu wangu. Baba hakuwahi kusema neno juu ya yule kuku wa kwanza, lakini Bibi akimtaja, na alikuwa anamtaja, baba alikuwa anainuka kwenda kuangalia ng'ombe hata kama ng'ombe wameshalala. Alisema tu, "Nitampeleka." Akanipeleka.

Upasuaji wenyewe siujui, nililazwa usingizi. Nilipoamka nilikuta pini nne zimeingia pajani kama vigingi vya zizi, na kwa nje chuma kirefu kimezishika zote. Nikalia, nikanyamaza, nikalia tena. Baba alifundishwa kuzungusha, akafundishwa kusafisha pini kwa spiriti, akaambiwa usaha ukionekana akimbie kwa Bwana Mganga. Wakaturudisha nyumbani kusubiri daktari arudi.

Bibi alinipokea. Akafunua shuka, akaangalia chuma, akazunguka kitanda, akaangalia upande wa pili. Akakaa.

"Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, hivyo ndivyo alivyoniita, "wamekuvunja wenyewe? Kwa makusudi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na kuku wao mlimwona?"

"Sikuona kuku."

"Muulize baba yako. Labda walimfungia mahali."

Baba alikuwa mlangoni, mgongo kautupia ndani. "Baba, Bibi anauliza kuku wa hospitali alikuwa wapi."

Baba akajikuna kisogo. "Mwambie bibi yako hospitali haina kuku."

Bibi akapiga makofi mara moja, yale makofi ya msiba. "Mwambie baba yako, kwa hiyo mtoto amevunjwa peke yake."

Jioni ile ile akaingia bandani akatoka na mtetea mwekundu, kishingo, asiye na unyoya hata mmoja kutoka kichwani mpaka kifuani, ana sura ya mwanamke aliyeamshwa kabla hajatosheka. Akamkalisha mapajani kwake, akamshika mguu wa kushoto. Nikafumba macho. Nikasikia mlio wa kijiti kikavu, na kuku akapiga kelele moja, na mimi nikapiga yangu. Bibi akamfunga vijiti vya gome, akachana pindo la kanga yake akazungushia, akamweka kwenye kikapu pembeni ya kitanda changu.

"Huyo ndiye mwenzako. Akitembea, unatembea. Akifa..."

Nikamwita Pacha.

Kila asubuhi, kabla ndama hawajafunguliwa, baba ananawa mikono mpaka viwiko, anafungua spiriti, anafuta pini moja moja kwa pamba, anafukuza nzi, kisha anazungusha. Kitasa chenyewe kilikuwa kidogo, kama kile cha kupandishia utambi wa chemli. Baba alikuwa mtu wa kumshika dume pembe na kulilaza chini, mimi nimemwona. Lakini akishika kile kitasa alikuwa anapumua kwa mdomo. Maumivu ya kuzungushwa hayakuwa ya kisu. Ilikuwa kama mtu anakuvuta kwa adabu, na haachi.

Bibi alikuwa anasimamia kazi kutoka kwenye kona, uso kaugeuzia ukuta.

"Mwambie baba yako anazungusha kwa pupa."

"Mwambie bibi yako ndivyo nilivyofundishwa."

"Mwambie na ng'ombe alifundishwa kulima, lakini mfereji unapinda."

Baba akishatoka, zamu ya Bibi inaanza. Alikuwa ameshafikiri jambo moja: mguu wangu unavutwa, wa Pacha hauvutwi, kwa hiyo wataachana njiani. Basi anamtoa kuku kikapuni, anamfuta vijiti kwa spiriti ile ile ya hospitali, anamshika kidole cha mguu, anauvuta mguu kidogo. Pacha anasema "kwaaa." Bibi anamrudisha. Haki sawa.

Mimi niliyachukua yale kuliko hata Bibi alivyoyasema. Yeye alisema kuku atatuonyesha. Mimi nilielewa kwamba mimi na kuku tumekuwa mwili mmoja. Pacha akipata chawa, nilijikuna mpaka damu. Akipiga chafya nilifunikwa blanketi kwa kuomba mwenyewe. Uji wangu wa ulezi nilimpa nusu, maana niliambiwa unajenga mfupa, na wake ulikuwa wa kujengwa. Jogoo alipochungulia mlangoni nilimrushia gongo langu la kutembelea, likaenda kuvunja chungu cha maziwa, nikagombezwa, na sikueleza sababu.

Siku moja tumbo likaniuma. Nikageuka kumwangalia Pacha, nikamkuta kakaa kimya, macho kayatoa. Akainuka kidogo, akakaa. Alipojisogeza kulikuwa na yai. La kwanza maishani mwake. Wenzangu, nililala pale siku nzima nikiwa nimejikaza, sitaki kunywa maji, sitaki kucheka, nasubiri. Bibi aliponiuliza nina nini nikamwambia, "Bibi, likitoka msilichemshe." Alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Alipopata pumzi akamwambia mbwa, kwa kuwa mimi nilikuwa mhusika na tarishi mwingine hakuwepo, amwambie baba yangu kwamba binti yake anataga. Nyuma ya nyumba nikasikia mtu anakohoa kikohozi cha ajabu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia baba akicheka tangu msiba.

Watoto wa jirani walikuja kuona chuma. Niliwatoza furu, yale matunda meusi ya porini, konzi moja kwa kila mtu, na anayetaka kugusa aongeze. Wakauliza mvua ikininyeshea nitashika kutu? Nikasema ndiyo, na nikishika kutu atakayenigusa naye anashika. Biashara nilianza hapo. Watu wanasema nilianzia na debe moja la mpunga pale sokoni. Hawajui kitu.

Kiangazi kilipokolea ng'ombe na mbuzi wakapelekwa kambini, malisho ya mbali, akabaki baba na maksai wawili wa mkokoteni. Ndipo kideri kikaingia. Unaamka asubuhi, kuku kapinda shingo, jioni hayupo. Jogoo akaenda, matetea wakaenda, vifaranga wakaisha kama wamefagiwa. Nilimfunika Pacha shuka langu, nikakataza mlango kufunguliwa, nikakohoa kila alipokohoa. Hakuugua. Bibi alisema ni kwa sababu ya dawa mguuni. Baba akasema, mwambie bibi yako ni kwa sababu amefungiwa ndani. Mimi nilijua ni kwa sababu sikumruhusu.

Ikabaki nyumba yenye kuku mmoja.

Na ni hapo pikipiki ikasikika.

Bwana Mganga aliteremka jasho linamtoka. Daktari amewahi, akasema. Amefika kabla ya wakati na atakaa siku chache tu. Treni inaondoka Mpanda kesho. Mtoto asipopanda hiyo, atangoja msimu mwingine, na pengo la mfupa halingoji: litajijaza ovyo, au litaoza. Akanipima kwa kamba, mguu huu na ule, akatikisa kichwa kwa furaha. "Imekamilika. Kesho, mzee, tunakutana stesheni, nawapeleka mwenyewe. Usichelewe." Kisha akakaa kwenye kigoda, akajipepea kwa kofia, akanyoosha miguu kama mtu ambaye amekuja toka mbali na hajala.

Nyie mnajua mgeni wa namna hiyo analishwa nini. Mtu ambaye kesho atakushika mkono kwenye hospitali ya watu, atakayesema huyu mtoto wangu mpokeeni, humpi maharage. Na Bwana Mganga, kila alipokuja kuangalia pini, alikuwa akimaliza anamtupia jicho Pacha na kusema, "Huyu naye amenona." Nilikuwa nasikia mguu wangu wote unapata baridi.

Baba akasimama katikati ya uwanja, katazama mti wake.

"Mwambie bibi yako mgeni amekuja."

Bibi jikoni: "Mwambie baba yako macho ninayo."

"Mwambie hakuna kitoweo."

"Mwambie maharage yako motoni."

Baba akashusha sauti, kana kwamba ukishusha sauti mtu aliye hatua tano hasikii. "Mwambie kuku yupo."

Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini, mguu nimeunyoosha kwenye kigoda, kikapu kiko ubavuni. Kwa mara ya kwanza sikuufikisha ujumbe kama ulivyo. Nikageuka jikoni nikasema, "Bibi, baba anasema maharage yaongezwe chumvi."

"Nimemsikia alichosema!" Bibi akafoka, mwiko ukagonga sufuria. "Mwambie, mara ya kwanza alimlisha mgeni mguu wa mtoto. Leo amekuja mgeni mwingine, amebakiza mguu upi?"

Bwana Mganga akakohoa. "Jamani, mimi hata maharage nakula," akasema, na macho yake yalikuwa kikapuni.

"Anasema kwa adabu," baba akaniambia, ili nimfikishie Bibi. "Kesho huyu ndiye mdomo wetu kule. Tusipomheshimu, mtoto atalala barazani. Mwambie sichinji kwa tamaa. Nachinja ili mguu umalizwe."

"Mwambie mguu hauwezi kumalizwa huku unachinjwa!"

"Baba..." nikaanza, na nikaishia hapo. Nilikuwa nalia.

Baba akaja kizingitini. Hakunitazama. Akapiga magoti, akamtoa Pacha kikapuni, akatoa kisu, akakata kwanza vile vitambaa vya kanga ili vijiti visiende na kuku mpaka chunguni. Alitaka safari hii afanye kwa heshima. Kosa lake. Pacha alipohisi mguu uko huru akampiga bawa la uso, akaruka, akatua katikati ya uwanja.

Akasimama pale. Kwa miguu yote miwili. Akatikisa manyoya aliyokuwa nayo, akatazama kushoto, akatazama kulia, akakimbia.

Baba nyuma yake. Bwana Mganga, kwa uzito wake wote, akajitupa kumzibia njia, akaukumbatia mti. Kuku akapita chini ya mkokoteni, baba akapita juu. Kuku akazunguka kihenge cha mahindi upande huu, baba akamfuata, na Bibi, mwiko mkononi, ametoka jikoni kwa upande wa pili kumwokoa. Wakakutana nyuma ya kihenge. Sikuona, nilisikia: kishindo, mwiko chini, kimya.

Walipotokeza walikuwa bega kwa bega, unga wa vumbi umewajaa. Kanga ya Bibi ilikuwa imebaki kwenye mwiba. Uso wake wote ulikuwa nje, na uso wa baba uko mbele yake, karibu kama mimi na karatasi hii. Miaka yote ile, na hawakuwa wamewahi kutazamana usoni. Bwana Mganga, mtu wa desturi, akajifunika kofia.

Ng'ambo ya uwanja Pacha alikuwa anaparua majivu. Mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Mguu wa kushoto.

"Anatembea," Bibi akasema.

Nikafungua mdomo nifikishe. Nikaona hapana anayenitazama.

"Anatembea, mama," baba akasema.

"Hachechemei."

"Hachechemei."

Bibi akavuta pumzi, na nikadhani yamekwisha. Kumbe ndiyo yanaanza. "Basi mtoto amepona. Kuku ametembea. Chuma kitolewe, na hakuna kupasuliwa tena."

"Mama, mfupa una pengo. Bila kwenda utavunjika siku ya kwanza."

"Pengo umeliona?"

"Sijaliona."

"Kuku unamwona?"

"Namwona."

"Sasa?"

Wakashikana hapo. Maneno ya miaka yakatoka yote. Habari ya yule mgeni wa madume ikatoka, na baba, kwa mdomo wake, akasema, "Nilikosa, mama. Kila asubuhi nikishika kile kitasa najua nilikosa." Bibi akasema anajua, amekuwa akimsikia anavyopumua. Kisha wakarudi kwenye kubishana. Bwana Mganga akajaribu kueleza mambo ya mfupa, wote wawili wakamwambia anyamaze, kwa pamoja, wakashangaa wenyewe.

Mwisho Bibi akageuka. "Hebu mwenye mguu aulizwe. Mayu, wewe unasemaje?"

Sikuwa nimezoea. Watu walikuwa wananiambia mwambie, mwambie. Unasemaje ilikuwa ngeni kwangu. Nikamtazama Pacha. Nilikuwa nimesubiri saa hiyo kwa miezi, nikiamini kwamba siku akisimama nitasikia kitu kinapita mwilini, joto, au mwasho, au mguu kuwa mwepesi. Amesimama, amekimbia, amemshinda baba na serikali pamoja, na mimi sikusikia kitu. Paja lilikuwa linauma pale pale lilipouma asubuhi. Yule alikuwa kuku. Mimi nilikuwa mimi, na upasuaji wa pili ulikuwa wangu, na niliujua utakavyouma, kwa sababu uchungu wa kuamka baada ya ule wa kwanza niliujua.

Nikasema, "Bibi, Pacha amepona. Mimi bado."

Bwana Mganga alitoa kofia usoni. Baba alishika tama. Bibi alinitazama muda mrefu, kama alivyoutazama mguu siku ile nilipoletwa, akazunguka na upande wa pili. Kisha akaenda kuchukua kanga yake kwenye mwiba.

"Haya," akamwambia baba, usoni. "Fungia maksai nyasi za njiani. Na mimi nakwenda. Wewe pini unazifuta kama unafuta jembe."

Bwana Mganga alipewa maharage, akala sahani mbili, na kwa haki nasema alinipigania hospitalini kama aliyelishwa ng'ombe mzima.

Wakanipasua mara ya pili. Mguu uliuma kama nilivyojua. Kisigino kilipokuja kuigusa ardhi nililia, si kwa furaha kama watu wanavyopenda kusimulia, nililia kwa sababu ardhi ni ngumu na mimi nilikuwa sijui. Bamba lilitolewa baadaye, na leo natembea bila gongo, na anayedhani nachechemea aje tupande mlima wa Kawajense pamoja.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni asubuhi ile ya kwenda stesheni. Nimelazwa kwenye mkokoteni juu ya nyasi, baba kashika kamba mbele ya maksai, Bibi anatembea nyuma, kila mmoja kageuza uso upande wake kama zamani, maana heshima haifi kwa siku moja. Ila midomo ilikuwa imefunguka. Walibishana njia nzima, huyu anapaza sauti mbele, yule anajibu nyuma, juu ya kuku, juu ya spiriti, juu ya nani aliyezungusha kwa pupa, na maneno yote yakawa yanapita juu ya kichwa changu kwenda yanakokwenda. Nilikaa katikati mdomo nimefunga, nakula furu zangu, sina ujumbe wa mtu.